Kamba Niliyoikaza

Laiti ningekataa bibi yetu, mama yake baba, aliponiamuru nimfunge mdogo wangu mguu. Hadi leo nikinusa kamba mpya ya katani dukani, namsikia: "Kaza, mume wangu, sumu isipande moyoni!" Nyoka aina ya kifutu alikuwa amemuuma mdogo wangu kwenye shamba la mkonge. "Kaka, nakufa, legeza!" alilia njia nzima ya kwenda hospitali. Kila alipolia, nilikaza zaidi.

Hospitalini walimtundikia dripu ya dawa ya sumu ya nyoka, ikamsaidia. Lakini chini ya kamba mguu ulikuwa mweusi, wa baridi.

"Nani kafunga hivi?" muuguzi aliuliza. "Sumu tungeiweza. Mguu umekufa kwa kukosa damu."

Wakaukata juu ya goti. Mdogo wangu alipona, akakua, akaoa, lakini hadi namzika hakusema nami tena.