Msiba Usio na Maiti

Adventina ni mtu wa Kirushya, kule Ngara. Aliolewa huku Bisibo akiwa binti, hajaondoka tena. Mume alikufa. Watoto walikufa wadogo. Amebaki na nyumba, migomba, na sauti yake. Sauti hiyo ukiisikia bondeni, ujue mwenyewe bado yuko mlimani.

Kazi yake ni kuchoma ndizi Lusahunga, pale malori ya Rusumo yanaposimama. Madereva wanamwita Mama Moshi. Mwaka mmoja lori lilipasukiwa tairi karibu na jiko lake, ringi ikapinda, dereva akaitupa. Adventina akaitaka. Jirani yetu Matiasi ndiye aliyeisukuma kwa baiskeli mpaka Bisibo, na spoki zikakatika njiani. Mpaka leo anazililia.

"Mama Moshi, spoki zangu."

"Ziko mbinguni, Matiasi. Tangulia ukazichukue."

Ringi hiyo tuliitundika kwenye nguzo nje ya kigango. Ikawa ya kikundi.

Kikundi chetu ni cha kuzikana. Wakristo tumo, Waislamu wamo. Mtu akifa, Adventina anagonga ringi polepole. Kila anayesikia anatoka na gogo lake la kuni begani, na mwenye ndizi anabeba ndizi. Gogo ukishalitoa kwako kwa ajili ya msiba, hulirudishi. Ukilirudisha umeuita msiba nyumbani. Hata watoto wanalijua hilo.

Halafu kuna vifaa. Sepeto, majembe, sururu, makarai, masufuria makubwa. Vifaa havina stoo. Vinabaki kwa mwenye msiba wa mwisho, mpaka msiba mwingine uje kuvichukua.

Mwaka wa mvua za El Nino vilikuwa kwangu.

Mke wangu Agness alikufa kabla mvua hizo hazijaanza. Walimzika vizuri, wakaenda zao. Vifaa vikabaki jikoni kwake, vimeegemea ukuta. Kila nikienda kuwasha moto, naviona. Sepeto lilikuwa bado na udongo wa kaburi. Sikuufuta. Nilijua siku vitakapotoka hapa kuna mtu mwingine analia, na sikumwombea mtu hilo. Lakini nilichoka kuviona.

Adventina alikuwa anapita jioni akitoka Lusahunga. Alikuwa rafiki wa Agness. Hakai. Anaweka ndizi za kuchoma kwenye jiwe la mlangoni.

"Shemeji, kula."

"Haya."

Basi. Anaondoka.

Sasa, bondeni kuna Maduhu. Ni Msukuma, alihamia kutoka Shinyanga na mkewe Christina, watoto na ng'ombe. Sisi tunajenga juu, mgongoni mwa kilima. Yeye alijenga chini, pembeni ya majaruba yake ya mpunga. Tulimwambia. Akasema mpunga ni kama mtoto, unataka uwe unamwona. Aliwahi kuomba kuingia kikundini. Wazee wakasema asubiri kwanza, watu wenye ng'ombe huhama.

Siku ile mvua ilinyesha mchana kutwa. Kalavati la barabara likazibwa na magogo, maji yakatafuta njia, yakaipata kwa Maduhu. Walikuwa wameshatoka, wamepanda kigangoni na watoto, na ng'ombe wako juu. Hakufa mtu. Hakufa hata mbuzi.

Asubuhi tukasimama juu tunatazama. Nyumba imezungukwa na tope kama ugali uliomwagika.

"Msukuma alitaka kuuona mpunga," Matiasi akasema. "Umemfuata mpaka kitandani."

Tukacheka. Kisha kila mtu akaenda shambani kwake.

Adventina hakwenda shambani. Aliteremka. Alimkuta Maduhu anachota tope kwa beseni la kuogeshea watoto. Christina amemfunga mtoto mgongoni, anavuta godoro, na godoro limekunywa maji halisogei. Ndani tope limefika karibu na madirisha. Nyumba yenyewe ni ya tofali mbichi.

"Mwangaluka," Adventina akawaamkia, kwa Kisukuma chake cha kuokota Lusahunga.

"Mwangaluka, mayu," Christina akaitikia. Hakuwa na sauti.

Adventina akaweka kidole ukutani. Kidole kikaingia.

Akapanda moja kwa moja kwa Desderius, mwenyekiti wetu.

"Desderius, nipe watu. Ukuta wa Maduhu umelowa. Tope likilala ndani na leo, nyumba inakwenda chini."

"Kuna aliyekufa?"

"Hakuna."

"Maduhu ni mwanachama?"

"Si unajua mlimkataa."

"Basi, mama, Jumapili baada ya ibada tutalizungumza."

"Jumapili mtazungumza na kichuguu."

"Sasa mimi nifanyeje? Kanuni tuliiweka wote, na wewe ulikuwepo."

Ni kweli alikuwepo. Kanuni ilisema hivi: atakayegonga ringi bila kifo, anatoka kikundini. Iliwekwa kwa ajili ya walevi, waliokuwa wakitoka kilabuni wanaigonga na kutuamsha. Na kutoka kikundini si mchezo. Mwenye wana na kaka anaweza kujidai. Adventina hana mtu huku. Akitoka, siku yake ikifika hakuna wa kumchimbia kaburi. Alilijua hilo kuliko sisi wote. Ndiye aliyewaosha wake zetu na mama zetu walipokufa. Hata Agness, yeye ndiye aliyemwosha.

Akaenda kigangoni, akachukua chuma, akagonga. Polepole, kama siku zote.

Mimi nilikuwa jikoni. Mara ya mwisho ringi ile ililia kwa ajili ya Agness.  Nikapakia vifaa kwenye toroli, na gogo juu yake. Sauti ya Adventina ikawa inateremka kilimani: "Kwa Maduhu! Kwa Maduhu jamani!" Nikasema moyoni, ukuta umemwangukia mtoto.

Njia nzima watu wanashuka na magogo. Wanawake wamejifunga kanga viunoni. Mama mmoja alikuwa na mkungu kichwani na machozi yamefika kidevuni. Tukafika. Maduhu amesimama mlangoni na beseni lake. Christina yupo. Watoto wamekaa juu ya kitanda kilichotolewa nje. Desderius akawapitia kwa kidole, akarudia. Wote wapo.

"Pole sana, Maduhu," akasema. "Nani amefariki?"

Maduhu akatazama magogo, akatazama ndizi. "Hata mimi ndiyo nataka kuwauliza."

Kilio kikakatika. Yule mama akashusha mkungu. "Kwa hiyo nimelia bure?"

"Hujalia bure," Adventina akasema. "Chungulia humo ndani."

Desderius akamgeukia. "Adventina! Umewaita watu kwenye msiba usio na maiti?"

"Mlitaka afe nani kwanza? Huyu?" Akamgusa mtoto mgongoni kwa Christina. "Kwa maiti mnakuja mbio. Maiti hahitaji hata pa kulala. Hawa wanahitaji."

"Unawaletea watu mkosi."

"Mkosi ulikuja na maji. Mimi nimeukuta."

"Umejitoa kikundini. Unalijua hilo?"

"Nalijua." Alilisema kwa sauti ndogo. Sikuwahi kumsikia na sauti hiyo. Kisha akairudia ile yake. "Sasa mnaondoka? Haya, ondokeni. Chukueni magogo yenu, mrudi nayo majumbani kwenu."

Hakuna aliyesogea. Kila mmoja akaliangalia gogo lake. Walikuwepo watu wenye hasira pale, ungeona. Lakini hasira haikubebei gogo la msiba kurudi kwako.

Matiasi akawa wa kwanza kulitupa. "Mimi langu silirudishi. Mke wangu ana mafua, nisije nikammalizia."

Mtu mmoja akacheka. Gogo la pili likaanguka, la tatu, yakawa mengi. Kuni zikiwa chini, moto unawashwa. Moto ukiwaka, sufuria inainjikwa. Na kwetu huwezi kula chakula cha msibani hujashika jembe. Basi ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyesema tumekubali.

Tulianza nyuma, tukachimba mfereji tope lipate pa kwenda. Tukang'oa mlango. Wanaume wakajipanga mstari, karai likatoka mkono huu kwenda mkono huu. Wanawake walipanda na nguo na mablanketi mpaka kwenye maji safi. Mpunga uliolowa wakautandaza juu ya turubai. Godoro lilitolewa na watu wengi kama jeneza, na Matiasi akaimba wimbo wa kuzikia mpaka Christina akacheka, kilemba kikamdondoka.

Juu ya kenchi tulimkuta kuku. Ameatamia. Maji yamekuja, yamekwenda, yeye yuko juu ya mayai yake.

"Huyu ndiye mwenye nyumba," Matiasi akasema. "Wengine wote wapangaji."

Mimi nilishika sepeto. Udongo wa kaburi ulitoka na tope la kwanza kabisa. Nikasimama kidogo. Nikaendelea.

Magogo marefu hatukuyachoma. Tuliegemeza nayo ukuta wa nyuma, uliokuwa umeanza kutoa tumbo. Jioni ndani ya nyumba ungeweza kutembea. Desderius alikuwa na tope mpaka mapajani, hana pumzi. Akasimama mbele yetu kama anavyosimama siku zote, akasema maneno yake ya siku zote:

"Tunashukuru. Wafiwa poleni. Vifaa vibaki hapa. Twendeni."

Tukaenda. Adventina alitangulia peke yake. 

Jumapili baada ya ibada tukakaa. Adventina alivaa kitenge chake cha Pasaka, akakaa benchi la mbele, mgongo umenyooka. Maduhu na Christina walikuja wakasimama nyuma. Desderius akaeleza. Halikuwa jambo jepesi, na nasema ukweli, hakuwa mtu mbaya.

"Mama, uligonga?"

"Niligonga. Sikatai."

Wengine wakasema asamehewe. Wengine wakasema akisamehewe, kesho ringi italia kwa kuku aliyepotea, na siku ya kifo cha kweli hatatoka mtu. Nao walikuwa na lao la kweli. Nikamtazama Adventina. Mikono yake ilikuwa imeshikana magotini.

Maduhu akaomba kusema. "Mkimtoa huyu mama, siku yake mimi ndiye ndugu yake. Kaburi nitachimba mwenyewe."

"Wewe?" Matiasi akageuka. "Tope la chumbani kwako tu lilikushinda!"

Watu wakacheka, lakini Desderius hakucheka. Akasema tupige kura.

Nikanyanyua mkono. Sikuwa nimesema mkutanoni tangu Agness.

"Vifaa viko wapi?"

"Mzee Rwekaza, bado tuko kwenye jambo."

"Nataka sepeto. Kaburi la Agness limetitia na mvua hizi."

"Viko kwa Maduhu, mzee. Nenda tu."

"Nani ameviacha kule?"

"Si mimi mwenyewe nilisema vi..."

Akageuka akamtazama Maduhu. 

Mimi sikuwa nimekusudia kitu. Nilitaka sepeto. Lakini Matiasi alikuwa ameshasimama juu ya benchi.

"Vifaa vinabaki kwa nani? Semeni! Kwa mwenye msiba! Na nani alisema vibaki? Nani alisema wafiwa poleni? Mwenyekiti, kwa mdomo wako!"

Kina mama wakapiga vigelegele. Desderius akavua kofia, akajifuta uso, akaitazama kofia muda mrefu. Nilimwona bega linacheka kabla ya uso.

"Basi palikuwa na msiba," akasema. "Msiba wa nyumba. Aliyegonga amegonga kwa haki. Mama Adventina, kaa palepale ulipo. Ila siku nyingine uniite kwanza."

"Nilikuita. Ukasema Jumapili."

"Basi ndiyo leo."

Adventina akafunika uso kwa kiganja. Mabega yakawa yanapanda na kushuka.  Halafu akasema kutoka ndani ya kiganja:

"Matiasi, ukiniona nalia usidhani utapata spoki."

Maduhu aliandikishwa siku hiyohiyo.

Nilishuka naye kuchukua sepeto. Hakunipa, alilibeba mwenyewe mpaka kwa Agness. Adventina alikuja nyuma na karai. Tulijaza palipotitia, tukapapasa kwa mikono pakalingana.  Adventina alimwambia Agness kwamba nyumba imesimama. Ndivyo anavyosema naye, kama yuko jikoni.

Nyumba imesimama hadi sasa. Ukutani kuna mstari wa tope Christina hajaupaka chokaa. Vifaranga walitoka.

Sepeto nililirudisha kwa Maduhu, maana ndiko linakokaa. Jikoni kwa Agness, pale palipokuwa na vifaa, nimetundika mkungu uive. Adventina bado anapita jioni.

"Shemeji, kula."

"Haya. Na wewe kaa."

Siku hizi anakaa kidogo.