Ufunguo Uliolala Ndani ya Soksi

Siku ninayotaka kukuhadithia, mwanangu, naikumbuka kwa kisigino cha mguu wa kushoto. Wazee wengine hukumbuka kwa moyo. Kumbukumbu yangu mimi iko chini, karibu na kiatu. Usicheke. Najua nina miaka kumi na saba na bado nasakwa na mwalimu wa hesabu. Lakini aliyeungua kwanza ndiye mzee wa moto, na wewe unayeanza darasa la saba hujaungua hata kidole. Sogea basi, nikupe nasaha kabla chai haijapoa.

Katika ujana wangu, yaani likizo kubwa iliyopita, nilikuwa komisyoneri wa nyumba hapa Bujumbura. Wiki nzima! Komisyoneri wa kweli ni Mjomba Hamisi: wenye nyumba humwachia funguo, yeye huwatafutia wapangaji, na mpangaji akiingia, mwenye nyumba humpa komisyo. Mjomba alikuwa anakwenda harusini Gitega, akanikabidhi kishada chote cha funguo. Wee! Nilipita Buyenzi nikizichezesha makusudi zilie, watu wageuke. Waligeuka mbuzi wawili na msichana mmoja, naye alikuwa anatafuta tuk-tuk.

"Sikia, sha," Mjomba aliniambia akifunga begi. "Ufunguo ya komisyo nono inatembea. Ufunguo ya komisyo konda inalala. Umeelewa?"

Nikaelewa haraka kuliko nilivyowahi kuelewa kitu chochote darasani. Mwenye nyumba ya Mutanga Nord alikuwa ameahidi komisyo ya kodi ya mwezi mzima. Mwenye etaji, ile ghorofa ya katikati ya mji, hivyo hivyo, na kreti ya fanta juu yake. Lakini Bibi Zaituni, mjane wa hapa Buyenzi, alitoa robo ya mwezi tu. Kodi yake ilikuwa ndogo, na hakutaka kumpandishia mpangaji ili anenepeshe komisyoneri. Basi ufunguo wake ulilala. Sehemu ya komisyo ingekuwa yangu, na kichwani nilikwisha kuvaa viatu vipya vya basketi.

Kila asubuhi nilipita langoni kwa Bibi Zaituni. Nyumba hiyo tupu alikuwa anaifagia yeye mwenyewe, kila siku, chumba kwa chumba, na anafukiza ubani ili mgeni akija apokelewe na harufu nzuri.

"Mujukuu wangu, leo wanakuja?"

"Bado, Bibi. Wateja wamekauka!"

"Insha'Allah watanyeshewa," anasema, anarudi kufagia. Nami nikaenda zangu nikipiga mluzi. Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilidhani nimepata ya lami.

Jumatano akaja Mama Furaha. Huyu ni mama wa Uvira, mwenye watoto watatu, anauza ndagala, dagaa wa ziwani, karibu na bandari. Nyumba aliyokuwa amepanga ilikuwa imeuzwa, na mwenye nyumba mpya alikuwa amemwambia wazi: Jumamosi asubuhi mafundi wanapanda kung'oa mabati, awemo ndani au asiwemo.

"Kijana, mi sitaki makubwa," alisema. "Uwanja ya kuanikia ndagala, maji, na isikuwe mbali na bandari. Batoto yangu hawawezi kulala chini ya mawingu."

Nilijua nyumba hiyo. Kabla hajamaliza sentensi, nilikuwa nimeshaiona: lango la kijani, uwanja mpana, Bibi na ufagio wake. Basi nikampeleka wapi? Kwenye etaji!

Tulipanda ngazi mpaka magoti yakaomba ruhusa ya kwenda haja. Juu kuna vigae vinavyong'aa, ukitazama chini unajiona mpaka ndani ya pua. Mama Furaha akavua kandambili kwa heshima, akazunguka, akauliza, "Ndagala nitazianika wapi? Ku ngazi?"

"Mama, watu wa etaji wanakula tu ndagala, hawazianiki."

"Aya. Na ile yenye kibao?" Alikuwa anatazama kishada. Mjomba hufunga kibao kidogo cha mti kwenye kila ufunguo wa zamani, ameandika habari za nyumba. Nikakifunika kwa kiganja.

"Hiyo imeshachukuliwa, mama."

"Imechukuliwa, na ufunguo iko kwako?"

"Nairudisha leo."

Uongo mmoja hauishi peke yake, mwanangu. Huoa na kuzaa. Kesho yake ilibidi kishada kionekane bila ule ufunguo. Kuuacha nyumbani? Tuna mdogo wetu anayetupa kila kitu chooni, amekwisha kutupa redio. Mfukoni? Suruali yangu ilikuwa na tundu la kupitisha embe. Nikautia ndani ya soksi ya kushoto, kibao chake na vyote, nikafunga kiatu. Nikajiona profesa!

Siku hiyo, Alhamisi, nikamtembeza nyumba mbili za komisyo nono, zote hazina uwanja wa kuanika hata leso. Ijumaa nikampeleka Mutanga Nord. Mafuta yalikuwa yamekosekana mjini, magari yamepanga foleni, kwa hiyo tukapanda mlima kwa miguu, jua kali. Kila hatua ule ufunguo unaning'ata. Tulipofika nikafungua dirisha kwa mbwembwe.

"Tazama mama! Ziwa lote, mpaka milima ya Kongo!"

Akatazama kwa muda mrefu. "Naona. Naona mpaka kwetu Uvira. Sasa samaki nitakuwa nawachunguria toka huku juu ao nitaenda kuwauzisha?" Kisha sauti ikashuka. "Kijana, kesho ni Jumamosi. Hakuna ingine? Niambie ukweli."

"Hakuna, mama."

Nilisema hivyo. Nikitazama ukuta.

Tukashuka. Mimi nachechemea kama mbuzi aliyetoroka mchinjaji. Mbele ya kibanda cha muuza karanga, Mama Furaha akasimama.

"Kaa chini. Leta mguu."

"Apana mama, ni kiatu tu..."

"Mi ni mama ya batoto watatu, malengelenge nayajua. Leta!"

Watoto wake hawana pa kulala kesho, naye anahangaika na kisigino changu! Akavuta kiatu. Akavuta soksi. Kling! Ufunguo ukaanguka juu ya lami, kibao kikatazama juu bila haya. Akakiokota, akasoma polepole, neno kwa neno:

"Bibi Zaituni. Buyenzi. Uwanja mukubwa. Maji ndani. Karibu na bandari."

Muuza karanga akapiga paja. "Kijana, mguu yako iko na nyumba!"

Mama Furaha hakucheka. Afadhali angenipiga kibao kingine.

"Komisyo ya hapa ni ngapi?"

"Robo ya mwezi."

"Na ya kule juu?"

"Mwezi muzima."

Akatikisa kichwa. "Kumbe tangu juzi haukuwa unanionyesha nyumba. Ulikuwa unanionyesha mufuko yako."

Na mfuko wenyewe, mwanangu, ulikuwa na tundu.

Hapo nikafanya kitu pekee cha akili wiki ile: nikakimbia! Kuelekea Buyenzi, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, Mama Furaha nyuma yangu ameshika kandambili, na anakimbia yule mama! Tulipita magari yote ya foleni ya mafuta. Madereva wakatupigia honi kama harusi. Tukafika lango la kijani tukihema.

Bibi Zaituni alikuwa anafagia. "Mujukuu! Wateja wamenyeshewa?"

Ningeweza kusema ndiyo, wamenyeshewa leo. Ulimi ulikwisha kujiandaa. Lakini nyuma ya Bibi moshi wa ubani ulikuwa unatoka dirishani, wa siku ngapi sijui, kwa ajili ya mgeni niliyemficha. Nikamwambia yote, hadi soksi.

Akasimama akiegemea ufagio. "Kila asubui nadhani nafagia vumbi," alisema. "Kumbe nafagia uongo yako."

Hiyo tu. Mwanangu, nimewahi kuchapwa, nimewahi kupigishwa magoti shuleni. Havikai. Hiyo imekaa.

Mama Furaha yeye alikuwa amekwisha kuingia, anapima uwanja kwa hatua, anapiga makofi. "Hapa ndagala! Hapa batoto! Hapa mimi!" Kisha akasita. "Lakini Bibi, harufu..."

"Marehemu mume wangu alipakia ndagala bandarini maisha yake yote," Bibi akasema. "Harufu hiyo nimeikosa. Ilete."

Wakakubaliana palepale. Kisha Bibi akanigeukia, akaninyooshea ufagio. "Na komisyo yako hii hapa." Nikafagia uwanja mzima mpaka adhana ya magharibi, na uwanja ni mkubwa, Mjomba hakudanganya.

Jumamosi alfajiri tulihamisha vitu kwa baiskeli na kwa vichwa. Mafundi walikuwa juu, nyundo zinalia. Bati la kwanza lilipong'oka na jua likaingia chumbani, godoro la mwisho lilikuwa kichwani mwangu, nje! Watoto wakashangilia kama timu yao imefunga goli. Na mimi nikashangilia, godoro likaanguka, nikatukanwa. Sijawahi kuwa na furaha vile.

Mjomba aliporudi, alinishika sikio kwa mkono mmoja na kupokea robo ya Bibi kwa mkono mwingine. Lakini wiki iliyofuata wakaanza kuja wapakizi wa bandarini. "Tunamutafuta Soksi, yule wa kuonyesha funguo zote." Mama Furaha alikuwa ametangaza. Mjomba alipigilia misumari ukutani, akatundika funguo zote hadharani, konda pembeni ya nono. Wazee hawakosei, mwanangu; wanabadilisha misumari tu.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukitafuta nyumba, usiulize tu chumba na choo, muulize komisyoneri, "Wewe unapata nini kwa hii, na nini kwa ile?" Akikohoa, tazama miguu yake. Na siku utakayoshika funguo za watu, ziweke zote mezani, kwa sababu anayekufuata juani ana Jumamosi yake, na wewe hulali chini ya mawingu yake. Komisyo ndogo hailipi viatu vya basketi, nakubali. Bado nacheza na vile vya zamani, vimefungua mdomo. Lakini navivaa bila kuchechemea.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe paa lisilong'olewa, maji yasiyokatika, na jirani atakayekuletea ndagala za moto. Na soksi zako, mpaka uzee wako, zisiwe na kitu ndani ila miguu.