Uso Wangu Kwenye Suti ya Mkwe

Niliaibika, na afadhali mnisikie mimi mwenyewe, kwa sababu wakwe zetu wa Kenyenya wanaisimulia wakiongeza chumvi, na ile iliyokuwa ndani ilitosha.

Siku ya harusi ya mjukuu wangu Kerubo (ndiye mwalimu, ndiye mrembo, na sura ni yangu) nilipakwa poda na rangi usoni kwa mara ya kwanza katika uzee wangu. Sasa ngozi yangu haielewani na jua, likiipiga inawasha kama imetembelewa na kiwavi, ndiyo Kerubo akanipa mafuta ya kuzuia jua na kasponji kadogo, akaniambia, "Magokoro," ndivyo anavyoniita nyanya yake, "jua likipanda ongeza haya juu ya poda. Usisugue. Gusa tu, gusa tu, polepole."

Nikaitikia. Lakini jua lilipopanda nikakaangalia kale kasponji, hakatoshi hata kufuta sufuria, nikajiambia, mimi nimepaka watoto wangu wote mafuta kwa viganja viwili mpaka wakang'aa kanisani, leo nifundishwe kupaka? Nikakamua nusu ya kichupa, nikasugua kuanzia paji la uso hadi shingoni vile unavyopaka mtoto mtundu, na kioo sikutafuta, kwa sababu akina mama nje walikuwa wameanza vigelegele, watu wa bwana harusi wameingia getini na mimi ndiye wa kuwapokea.

Nikatoka nikicheza. Nyakundi, bwana harusi, alivaa suti nyeupe kabisa. Kwa desturi yetu mama mkwe hawezi kumkumbatia, ni mwiko, lakini nyanya ruhusa anayo, nyanya anamtania mpaka achoke mwenyewe. Basi nikamkumbatia kwa nguvu, uso wote kifuani, nikautikisa huku na huku kwa furaha.

Nilipomwachilia, vigelegele vilikatika. Kifuani pake palikuwa na uso mzima: mdomo mwekundu, nyusi mbili, na katikati rangi ya udongo wa kukandika nyumba.

"Woi," shangazi yake akasema, "na kanisani hatujafika."

Nilikuwa nimemharibia Kerubo siku yake mbele ya wakwe, Kerubo niliyembeba mgongoni. Akatoka na gauni lake, akaangalia suti, akaniangalia mimi nyusi zikiwa mashavuni. Nikaanza kulia, ndiyo rangi ikazidi kushuka.

"Magokoro," akasema, "hata sijaolewa na umeshaninyang'anya bwana?"

Nyakundi akacheka mpaka akashika magoti. Shangazi akaja na kitambaa na maji, bwana harusi akakataa. "Wacha hivyo. Huyu ndiye bibi yangu mkubwa, amenipiga muhuri." Akasimama madhabahuni hivyo hivyo, na mchungaji alikuwa anaangalia dari asije akacheka.

Mimi walininawisha kwa maji baridi, maana uso ulikuwa umeanza kuwaka moto, nikaingia kanisani bila hata poda, nikapigiwa vigelegele kumshinda bibi harusi.

Sasa Moraa, mdogo wake Kerubo, naye ana mchumba. Nimeshamwambia: siku yako nitakuja na uso mtupu, na mwavuli.