Miwani Nyeusi Ukweni Mbale

Mkasa huu sijawahi kuwasimulia hata wanangu, maana nikiukumbuka bado shingo inanipata joto. Ulikuwa mwaka ule vita vilipokwisha, mimi fundi cherehani hapa Jinja, tena Mnubi (kabila lililohesabiwa kuwa la askari wa utawala ulioangushwa, na miezi ile neno hilo tu lilitosha kukutia mashakani), na Jumamosi nilitakiwa Mbale, nikajitambulishe kwa wazazi wa mchumba wangu Zaituni. Wiki nzima nilikuwa nakohoa, na asubuhi ya safari najitazama kwenye kioo naona madoa mawili ya damu kwenye weupe wa jicho, moja kubwa kama punje ya mahindi. Hayaumi, hayawashi, naona vizuri, lakini niliogopa wakwe wangesema ni mlevi, au nimetoka kupigana, basi nikaazima miwani nyeusi ya jirani.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari akanishusha, akaniamuru niivue. Aliponiona jicho akarudi nyuma, akasema niondoke nisije nikawaambukiza. Mwenye akili angeitia miwani mfukoni. Mimi nikaivaa tena, nikijiambia kama hata askari ameliogopa, je, wakwe?

Nikaingia uani kwao, nikatoa salamu. Mama Zaituni alikuwa mlangoni pa jiko na sinia la vikombe; likamponyoka, akakimbilia ndani akajifungia. Baba yake Zaituni akasimama.

"Afande," akaniuliza polepole, "safari hii umemfuata nani?"

Nami, kwa woga wangu na upumbavu wangu, nikajibu, "Nimemfuata Zaituni."

Shangazi mmoja akaangua kilio, wanaume wawili wakanikamata mikono, na sijui ingekuwaje kama Zaituni mwenyewe hangetoka mbio, akaninyang'anya miwani, akawaambia mimi ndiye mgeni wao. Nilijua kaka yake alikufa wakati wa utawala uliopita. Sikujua kwamba alichukuliwa uani hapo hapo, na watu wawili wenye miwani nyeusi, wakamtia garini, asirudi.

Shangazi yule aliyelia kumbe ni muuguzi. Alipotulia akanigeuza uso kwenye mwanga, ukoo mzima umenizunguka kama ng'ombe wa mnadani, akauliza kama ninaumwa, kama nimepigwa, kama nakohoa. Akasema mshipa mdogo tu umepasuka kwa kukohoa, hata chafya au kubeba mzigo mzito huleta hivyo, na baada ya wiki mbili damu itaisha yenyewe.

Lakini mama hakufungua. Nilipiga magoti nje ya mlango wake, naomba radhi, mpaka magoti yakafa ganzi. Kwa desturi yao mama na mkwe hawatazamani usoni. Mwishowe komeo likalia, akatoka, akainama, akaniangalia macho yote mawili, kwa muda mrefu, kisha akaenda kuokota vikombe.

Tangu siku ile sijafunika macho mbele ya mtu, yawe mekundu, yawe ya manjano.