Oleta Hargis achagua bastola

Oleta Hargis alikuwa mwosha mbwa. Alikuwa na gari lenye beseni na mashine ya kukaushia manyoya, akizunguka nalo mashambani kwetu, huku milimani Arkansas, peke yake. Nilipanga chumba kwake miaka mingi, na sikuwahi kumsikia akiilalamikia kazi ile, hata siku alizorudi na alama za meno mkononi.

Mwaka aliotimiza sitini, gari moja la kijivu lilimwandama kutoka barabara kuu hadi ndani kabisa ya njia ya vumbi iendayo shamba la mteja. Mwenye shamba alipojitokeza barazani, lile gari likageuza. Labda dereva alipotea njia tu. Lakini jioni ile Oleta hakumaliza chakula. Akampigia simu mdogo wake, Dewey.

Dewey akaja na kibastola kinachojaa kiganjani.

“Hiki hapa, dada. Chepesi, unakitupia kwenye pochi, umemaliza.”

Tukaenda wote kwenye uwanja wa shabaha wa Twyla Maddox, nje kidogo ya mji. Oleta akafyatua mara moja. Kibastola kikaruka, nusura kimtoke mkononi, na ile karatasi ya shabaha haikupata hata mkwaruzo.

“Dewey! Kidude hiki kina hasira kuliko kile kijibwa cha mchungaji wa kanisa ninachokiosha!”

Twyla, mwanamke wa miraba minne, alikuwa amesimama nyuma yetu. “Nani kakuchagulia hicho, bibie?”

“Huyu mdogo wangu.”

“Na viatu, huwa anakuchagulia yeye?”

Dewey akacheka, masikio yamemwiva. Twyla akaeleza kwamba bastola ikiwa ndogo na nyepesi, teke lake lote linaishia mkononi. Ikiwa na uzito kidogo, inatulia. Akaleta bastola za kukodisha, Oleta azijaribu mwenyewe.

Shida ilikuwa vidole. Mkasi wa kupunguzia mbwa manyoya, miaka mingi, ulikuwa umevichosha, na kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma ili risasi iingie kilimshinda.

“Usikivute kwa vidole,” Twyla akasema. “Kishike kwa kiganja kizima, kibane karibu na kifua, halafu sukuma bastola mbele kwa mkono wa pili. Mdomo wake uelekee kule kwenye shabaha, kidole mbali na triga.”

Chuma kikasogea. Oleta akatabasamu.

Aliipenda sana moja ya aina ya silinda inayozunguka na risasi, yenye mpini wa mbao, ila triga yake ilikuwa nzito mno. Nyingine mpini ulikuwa mnene. Mwishowe akashika moja nyeusi ya ukubwa wa kati, mbaya kama buti la askari. Alipomaliza risasi, matundu yalikuwa yamekusanyika karibu na katikati ya karatasi.

“Ndiyo hii,” akasema. “Dewey, chukua kidude chako.”

“Lakini hii haiingii kwenye pochi, dada.”

“Na isiingie!” Twyla akadakia. “Yeye anaosha mbwa, pochi iko kwenye siti, watoto wa watu wanachungulia. Aivae mwilini.”

Oleta akainunua, pamoja na ala ya kuifunika triga na mkanda mgumu wa kuishikilia kiunoni, chini ya aproni. Wiki za kwanza alilalamika kwamba anatembea kama bata. Jioni alifanya mazoezi jikoni: bastola tupu, ameikagua na kuikagua tena, risasi zimefungiwa chumbani kwangu, analenga ukuta wa matofali na kubonyeza triga polepole. Nikipita na chai ananiambia nisimcheke.

Lile gari la kijivu halikuonekana tena, na bastola hakuwahi kuitoa barabarani. Lakini Jumamosi hakuna aliyeweza kumzuia nyumbani. Kulikuwa na wanawake wengine pale kwa Twyla, muuguzi mmoja na mwalimu mstaafu wa muziki, wakawa marafiki. Wakimaliza wanakwenda kula kambare wa kukaanga, wanabishana nani kapiga vizuri. Oleta, aliyekuwa amezoea kula peke yake garini, alirudi akinuka baruti na mafuta ya samaki, sauti imemkauka kwa kucheka.