Sindano Nilizomfichia Shamte

Mwanangu, mimi nami niliwahi kutia saini mahakamani Kibiti, ya kumchukua mdogo wangu Shamte nimwangalie nyumbani. Nakwambia hili kwa kuwa nimesikia wiki ijayo utasimama pale pale kutia saini kwa ajili ya mumeo, na tangu nisikie sijatulia.

Shamte alikuwa mtu mzima, fundi wa nyavu, tukiishi naye na mama huku Salale. Maradhi ya akili yalipomzidi alianza kufungua mitumbwi ya watu na kuiacha ichukuliwe na maji, akisema mbao zinalia. Watu wakamshitaki. Hakimu aliposoma ripoti ya daktari hakumpeleka jela. Aliamuru atibiwe: kwanza alazwe, kisha arudi nyumbani kwa sharti kwamba kila mwezi achomwe sindano kliniki, na ndugu mmoja ahakikishe na kumjulisha afisa ustawi wa jamii. Ndugu huyo nikawa mimi, dada yake. Nilikuwa kijana bado, na nilijiona shujaa.

Miezi ya mwanzo sauti alizokuwa akizisikia zilimwacha kweli. Lakini akaanza kulalamika kwamba taya limekaza na miguu inamwasha kwa ndani, haitaki kukaa. Alizunguka uani toka asubuhi mpaka jua la utosi, ukimkalisha, anasimama. Aliniomba, tena kwa upole, niwaambie watu wa kliniki. Nikamjibu kuwa wale hawapendi wagonjwa wenye maneno mengi. Kumbe mwoga ni mimi: niliogopa wataona nimeshindwa, wamrudishe wodini.

Mwezi uliofuata akakataa kupanda boti ya kwenda kliniki. Nikamwonea huruma, na siku hizo nilikuwa shambani naamia ndege, nikiwafukuza wasile mpunga. Afisa alipopiga simu nikamwambia amechomwa. Mwezi wa pili nikasema vivyo hivyo. Uongo ule wa pili, mwanangu, haukunisumbua hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Kisha sauti zikamrudia Shamte, akampandisha mama mtumbwini, akidai anamwokoa kwa watu wanaokuja kutuchoma. Maji yalikuwa yanakupwa, yanarudi baharini. Nilipita kila mlango nikiuliza, nikakimbia kwenye tope, viatu sijui nilivitupa wapi. Wavuvi wa kamba waliwakuta alasiri wamekwama mbali kabisa, mama amelowa chapachapa, kamshika mwanawe mkono, anamwimbia. Mama alipona, lakini kikohozi cha baridi ile kilimlaza wiki nyingi.

Shamte akarudishwa wodini, akaanza tena dawa, na baadaye tukaitwa sote wawili mbele ya hakimu. Nikakiri yote. Hakimu akamwuliza Shamte kama ana neno. Mdogo wangu aliniangalia mimi, si hakimu.

"Dada, sikukuomba unifiche," alisema. "Nilikuomba unisemee."

Daktari alipoelezwa habari ya ile miguu alibadilisha dawa, na baada ya wiki chache Shamte akaweza kukaa na kumaliza sahani ya wali. Miezi yote ile, na lilikuwa jambo la kusema mara moja tu. Siku hizi anashona nyavu zake. Sindano haipendi, na kuna safari tunakwenda hatusemezani njia nzima. Tarehe ikikaribia, namkumbusha kila siku hadi nimwone ameketi ndani ya boti.

Basi mwanangu, usiichukue karatasi ya mahakama ukageuka askari wa mumeo. Mpeleke kila tarehe. Akikwambia dawa inamtesa, usimbishie wala usimfichie. Nenda naye kwa daktari, na akishindwa kusema, yaseme maneno yake kama alivyoyasema kwako. Mkikosa siku, piga simu mwenyewe useme mmekosa. Utaona aibu. Iache ikuume, itapita.

Mola akupe ulimi mkweli na kifua cha kusubiri, amrudishie mumeo utulivu wake, na awaletee watu wa kuwashika mkono mtakapochoka. Amin, mwanangu.