Figo ya Mama Haikutaka Shikamoo

Nafundisha baiolojia Ifakara, kwa hiyo figo zangu zilipogoma na nikaanza kusafishwa damu, nilijiona naelewa ugonjwa wangu kuliko mtu yeyote. Mama alikuja kutoka Michenga, akasema atanipa figo yake moja. Nikakataa katakata. Nilimwambia figo ya mtu wa miaka sitini na kitu imechoka, tusubiri. Nikamweleza nilivyosoma kwamba ng'ambo watafiti wanajaribu kuiweka figo kuukuu kwenye mashine, wanaipitishia dawa ya kuondoa seli zilizozeeka, ndipo wampandikizie mgonjwa.

"Na hiyo mashine inafika lini hapa kwetu?"

"Sijui, mama."

"Mbegu ya mwaka juzi huwa tunaitupa tu? Tunailoweka. Ikielea tunaitupa, ikizama tunapanda. Wakaipime yangu."

Ubishi wake naujua, nimeurithi wote. Tukaenda Dar es Salaam. Njiani akanipa sharti: mbele ya daktari nisimwamkie, shikamoo ingemzeesha bure. Hata kilemba alikifunga kisichana. Daktari, kijana mdogo tu, aliinuka kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Safi tu! Za kwako?"

Daktari akaduwaa. Huku kwetu hakuna mtu mzima anayekataa kuitikia marahaba. Ikabidi nimweleze. Alicheka hadi akavua miwani, kisha akasema figo haipimwi kwa maamkizi, wala kwa mwaka wa kuzaliwa peke yake. Wakampima kila kitu. Presha hana, sukari hana, figo zote mbili zinachuja vizuri. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nimeshindwa ubishi.

Asubuhi ya upasuaji niliogopa, na niliyemwogopea ni yeye. Nikamwambia bado anaweza kughairi. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi anayesinzia darasani.

"Ikifika kwako, iambie kuanzia leo ina miaka thelathini na nne kama wewe."

Yaliyofuata nilisimuliwa na nesi. Mama alipozinduka hakuomba maji, wala hakuuliza habari za kidonda chake. Aliuliza, "Mwanangu amekojoa?" Wakamjibu amekojoa, tena sana. Hapo mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akitoa chozi, alilia kwa sauti mpaka wodi nzima ikageuka kumtazama.